Jumamosi ya Vitunguu

Jumamosi hiyo Katibu alichelewa kwa sababu ya uji. Mama mkwe wake aliuacha ukapoa, akasema hana njaa, kisha akasema njaa anayo lakini si ya uji, kisha akanyamaza kabisa. Akakaa kwenye kiti chake kando ya dirisha, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Bibi huyo haoni. Ulikuwa mwaka wa sita tangu macho yalipozima, la kulia kwanza, la kushoto likafuata.

"Mama, kunywa kidogo basi. Watu wananisubiri bustanini."

"Nenda. Nani kakushika?"

"Nikienda hujala, mwanao atasema nimekuacha na njaa."

"Atasema. Mdomo si wake?"

Mwana wa bibi, fundi saa, mumewe Katibu, alikuwa mlangoni na kibegi chake cha vifaa kwapani. Kila Jumamosi binti wa jirani ndiye aliyekuja kukaa na bibi, lakini siku hiyo alikuwa amekwenda harusini. Kwa hiyo mtu mmoja humu ndani ilibidi abaki, na Jumamosi ndiyo siku wateja wa saa wanajaa kibandani kwake.

"Baki wewe," fundi saa alimwambia mkewe kwa sauti ya chini.

"Leo siwezi. Leo tunapalilia mara ya mwisho. Jumanne miche inatoka kitaluni, Jumamosi ijayo Sista Mkuu anakuja kukagua. Unajua vizuri."

"Bustani na wewe, wewe na bustani. Mama yangu anaongea na ukuta."

"Mchukue basi uende naye kibandani."

"Nimweke wapi, juu ya saa za watu? Mpeleke wewe huko kwenye majani."

"Ili watu waseme nini? Kwamba namtoa kizee wa watu nyumbani kwake nimwanike juani?"

Waliyasema hayo kwa kunong'ona, kana kwamba aliyezima macho amezima na masikio. Bibi alivuta kikombe cha uji, akanywa wote kwa mkupuo mmoja, akakiweka chini. Katibu akatoka mbio, na mumewe akatupa kibegi juu ya meza.

Bustani yenyewe iko nyuma ya zahanati. Zamani palikuwa pa kutupia vitanda vilivyovunjika na chupa za dawa. Sista Mkuu wa zahanati aliwaachia watu wa mtaa wapalime kwa msimu mmoja, nusu ya mazao iende kwenye chungu cha wagonjwa, nusu wagawane wanaolima. Lakini aliwaambia wazi, mbele ya watu wote: "Mwisho wa mwezi nikikuta mazao yamesimama, endeleeni. Nikikuta majani, nampa Tofali." Tofali ni yule bwana anayefyatua matofali ng'ambo ya ua. Alikuwa akiitolea macho ardhi ile kwa kuanikia.

Katibu ndiye aliyewakusanya watu. Walikuwa arobaini na kitu, wanaokuja kwa hiari yao, na karibu wote ni watu wa mjini: makondakta, wasusi, seremala mmoja, walinzi wanaotoka zamu. Mtu anaweza kusuka nywele mistari thelathini bila kupinda hata mmoja, na bado asijue mchicha na magugu. Kwa hiyo Katibu alibuni utaratibu wake. Fundi Cherehani, rafiki yake, alimpa mabaki ya vitambaa, na kila tuta likafungiwa kijiti chenye kitambaa. Cheupe, ng'oa kila kijani unachokiona. Cha buluu, usiguse. Hakuna kuuliza maswali, hakuna kubishana. Kitambaa ndicho mkubwa wa tuta.

Utaratibu huo ulikwenda vizuri wiki tano.

*

Alipofika langoni walimpigia makofi. Hilo ndilo lililomkaa moyoni baadaye, yale makofi.

"Leo hutusemi, Katibu," alisema Fundi Cherehani, jasho likimtiririka. "Tumeanza saa moja kamili. Tulisema tukushangaze. Pita uone."

Alipita akaona. Njia zilikuwa zimefagiliwa. Matuta makubwa yaliyokuwa yakisubiri miche yalikuwa safi kama shuka iliyotandikwa. Kule pembeni, kilipokuwa kitalu cha vitunguu, miche elfu mbili na zaidi, ya wiki tano, myembamba kama nyasi changa, palikuwa na udongo mtupu uliosawazishwa kwa reki.

Katibu alisimama. Watu walimtazama wakisubiri asifu.

"Hapa," alisema, "nani aliwaambia?"

"Kitambaa," akajibu kondakta mmoja. "Si cheupe hicho?"

Kweli kilikuwa cheupe. Kilining'inia kwenye kijiti chake, cheupe kama pamba, hakina shaka. Fundi Cherehani alikisogelea, akakishika, na vidole vyake vilivyozoea nguo vikapunguza mwendo. Akalifungua lile fundo. Ndani ya fundo, mahali jua halikufika, kitambaa kilikuwa cha buluu kama siku kilipokatwa.

"Ni bitana," alisema polepole. "Bitana ya bei rahisi. Inapauka. Mungu wangu, mimi ndiye niliyekupa."

"Na mimi ndiye niliyekifunga nisikiangalie tena," alisema Katibu.

Msusi mmoja alijitazama viganja, vya kijani mpaka kwenye kucha, akavificha nyuma. Mbegu zile walizichangia nyumba kwa nyumba, na muuza mbegu alishawaambia kwamba nyingine ni msimu ujao.

Ng'ambo ya ua Tofali alikuwa ameegemea sepetu yake, amesikia yote. "Poleni jamani," alisema. "Ndiyo maana mimi nikachagua matofali. Tofali halina wa kuling'oa kwa bahati mbaya."

"Tofali, leo tuache," alimjibu seremala.

"Nawapa pole tu, kwani kosa?"

Katibu alikwenda penye rundo. Walikuwa wametupa kila kitu mahali pamoja, magugu ya njiani, ya matuta, na miche, rundo refu la kufika kiunoni, pana kama ng'ombe aliyelala. Akapiga magoti, akachomoa kimoja, akakiangalia, akakiweka kando. Akachomoa kingine. Alipofikisha kumi akavitazama tena vizuri juani: saba vilikuwa nyasi. Jua lilikuwa linapanda. Vile vya juu vilishaanza kunywea.

Alikuwa akitafuta maneno ya kuwaambia watu waende nyumbani, maneno mazuri ambayo hayatamlaumu mtu, aliposikia gurudumu likilia langoni.

*

Alikuwa mumewe. Alikuwa akisukuma toroli, na ndani ya toroli, juu ya gunia lililokunjwa mara nne, amekaa mama yake, fimbo imelazwa magotini, mgongo umenyooka kama mtu aliyepanda gari la heshima.

"Haya," alisema fundi saa, na hakupunguza sauti. "Mkwe wako huyu hapa. Kwa kuwa hapa ndipo unapoishi, mhudumie hapa hapa. Mimi nina watu kibandani."

Watu arobaini wakaona vya kutazama kwingine. Mmoja aliona miguu yake, mwingine mawingu. Katibu alihisi uso unamwaka mpaka masikioni. Siku zote aliogopa watu wangesema nini akimleta bibi, na sasa bibi ameletwa kama mzigo wa sokoni, na hakuna aliyesema kitu, na huko kutosema ndiko kulikouma.

"Shikamoo mama," ndilo pekee lililomtoka, ingawa alishamwamkia asubuhi.

Bibi hakuitikia. Alikuwa ameinua uso, pua ikitafuta. Akaigeuza kushoto, akaigeuza kulia, ikatulia upande wa rundo.

"Nani kang'oa vitunguu vichanga?" akauliza.

Hapakuwa na mtu aliyemwambia. Fundi saa, aliyekuwa tayari ameanza kuondoka, akasimama.

"Sisi, mama," alisema Katibu. "Kwa makosa."

"Vingapi?"

"Vyote."

"Tangu saa ngapi?"

"Saa moja. Sasa ni saa nne kasoro."

"Mmevianika au mmevirundika?"

"Vimerundikwa, mama. Na majani mengine. Rundo linafika kiunoni."

"Basi mmefanya jambo moja la akili leo bila kukusudia," alisema bibi. "Vya ndani havijajua kama vimeng'olewa. Nisogezeni kivulini, na hilo rundo mlilete kidogo kidogo, msilifumue. Ndoo ya tope, jepesi, kama uji ule mlionipa asubuhi. Na mtu mwenye mkasi."

Hao waliozoea kumsikia Katibu wakamwangalia Katibu. Yeye akaitikia kwa kichwa, hata yeye hakujua kwa nini. Alijua kwamba mama mkwe wake aliotesha miche ya kuuza miaka arobaini kabla ya macho kuzima. Alijua hivyo kama mtu anavyojua umri wa mlima. Hakuwahi kumwuliza hata swali moja juu yake.

Bibi alikaa chini kwenye gunia, miguu ameinyoosha. Akapewa fumba la kwanza, la kujaza kiganja. Akalitikisa, akalisogeza sikioni kama anayelisikiliza, kisha vidole vikaanza kazi. Havikuwa na haraka. Vilipita kwenye kila unyuzi mara moja, kutoka shinani kwenda juu, na unyuzi ukaenda upande wake: kushoto majani, kulia vitunguu. Hakurudia. Hakusita. Uso wake ulikuwa umetazama mbali, mahali pasipo na kitu, na mikono ilikuwa kama ya mtu mwingine, kijana, aliyekaa ndani yake siku zote hizo kando ya dirisha.

Katibu aliinama akalichunguza lile fungu la kulia. Akalipekua lote. Halikuwa na unyasi hata mmoja. Akalipekua la kushoto, hakukuwa na kitunguu.

"Mbona kimya? Mnatazama sinema?" aliuliza bibi. "Kaeni. Nitavimaliza lini hivi peke yangu, mwakani?"

Wakakaa. Kila mmoja akapewa fumba lake, na baada ya muda kidogo bibi akaomba apewe mafungu yao ayapapase.

"Hili jani. Hili jani. Hili jani, na hili lina miba kabisa, hata mbuzi angelijua. Fungu la nani hili?"

"Langu, bibi," alisema kondakta.

"Wewe una macho?"

"Ninayo, bibi."

"Mazima?"

"Mazima."

"Ndiyo yanayokuharibia kazi. Yafumbe. Na nyie wengine, fumbeni. Macho yanaona kijani tu yanaridhika. Shika unyuzi, uviringishe kwa vidole viwili. Nyasi ina mgongo, ina bapa, inagoma kuviringika. Kitunguu ni cha mviringo, na ndani kina hewa. Kibane kidogo. Si kinarudi? Basi hicho."

Mmoja alicheka, akanyamaza. Wakafumba.

Hapo bustani ikawa kimya kwa namna ambayo Katibu hakuwahi kuisikia. Watu arobaini na zaidi, wameketi kivulini mwa ukuta wa zahanati, makondakta na wasusi na walinzi, nyuso zimeinuka kidogo, kope zimefungwa, vidole tu vinakwenda. Wagonjwa wawili walikuja dirishani wakashika nondo, hawakuuliza kitu. Hata Tofali aliacha sepetu. Na vile vitunguu, ambavyo saa moja iliyopita hakuna jicho lililovitambua, vilianza kulundikana, mafungu meupe kwenye shina, ya kijani kichanga juu, kimoja, na kingine, na kingine. Katibu alifumba naye. Akashika unyuzi. Mwanzo hakuhisi chochote, kisha, kama mtu anayeingia chumba chenye giza na polepole kikaanza kuonekana, akahisi: kitu kidogo kilichojaa hewa, kinapumua katikati ya vidole vyake. Machozi yakamtoka kwenye macho yaliyofungwa, akayaacha.

Alipofumbua, mumewe alikuwa amekaa pembeni ya mama yake. Kibandani hakuenda. Vidole vyake, vilivyozoea gurudumu la saa lisilozidi punje ya mchele, vilikuwa vinakimbia kuliko vya wote.

Bibi akapapasa fungu lake. "La nani hili?"

"Langu, mama."

Bibi alilipapasa tena. "Kumbe mkono wangu ulikwenda kwako," alisema. "Na mimi nilidhani nitazikwa nao."

Fundi saa alikuwa ameinamisha kichwa, anaviringisha unyuzi uleule mmoja muda mrefu mno.

*

Tofali alizunguka akaingia kwa langoni. "Nipeni na mimi fumba," alisema, kama anayedai haki yake. Alikaa, akafumba, akaviringisha, akaviringisha, mwisho akafumbua.

"Bibi, mimi sisikii kitu."

"Lete mkono." Bibi akaupapasa mkono ule mnene, uliochanika na saruji. "Huu umekufa ganzi, mwanangu. Huu hauwezi kusikia hata moto. Nenda ukabebe maji."

"Maji?"

"Ndoo mbili mbili. Mwili si unao?"

Watu walicheka, na Tofali akacheka pia, akaenda akabeba. Bomba la zahanati liko upande wa pili, na aliliendea na kurudi mara nyingi kuliko mtu yeyote aliyekuwa upande wa bustani.

Kufikia saa saba rundo lilikuwa limekwisha. Fundi Cherehani alikata ncha za majani kwa mkasi wake wa nguo, ule ambao hamwazimi hata dada yake, theluthi moja ya juu, kama bibi alivyoagiza, ili mche usihangaike kulisha majani wakati mizizi ni migonjwa. Mizizi ikachovywa tope. Hawakurudisha kitaluni, walipanda moja kwa moja kwenye matuta makubwa, mstari kwa mstari, mchana huo huo, na zile nyasi zilizong'olewa wakazitandaza juu ya udongo kuukinga na jua.

Walipomaliza walisimama wakatazama. Palikuwa pabaya kutazama. Elfu mbili ya vitu vimelala chali, vimenywea, kama nyuzi zilizodondoka kutoka cherehani.

"Hapa mmepanda au mmezika?" aliuliza Tofali, lakini safari hii aliuliza kwa upole.

"Nyamaza ulete maji," alisema bibi.

*

Jumapili vilikuwa vimelala. Jumatatu vilikuwa vimelala, na ncha zimekuwa za manjano. Kila jioni bibi alikuwa ameshakaa wima Katibu anapoingia.

"Vipi?"

"Vinaendelea, mama."

"Usinipake mafuta. Vimesimama?"

"Bado."

"Shina ukilibana?"

"Laini."

"Laini kama mdomo au laini kama pua?"

Katibu alifikiri. "Kama pua."

"Basi tulia. Leta chakula."

Jumatano Katibu alipofika bustanini alfajiri alimkuta mumewe amechuchumaa kwenye tuta la tatu na kile kioo chake cha jichoni cha kukagulia saa. Hakumwona mkewe. Alikuwa akiuangalia mche mmoja tu, uso karibu ugonge udongo. Katibu alirudi nyuma hatua kwa hatua, akasubiri nje ya lango mpaka alipotoka. Hawakuambiana chochote. Ila jioni ile fundi saa alileta kiti kidogo cha kukunja, akasema amekiona kinauzwa, kinafaa kwa mtu anayetaka kukaa shambani.

Ijumaa Katibu hakwenda. Aliogopa. Alisema ana nguo za kufua.

*

Jumamosi walikwenda wote watatu, bibi kwenye toroli, kiti cha kukunja kimelazwa miguuni pake. Watu walikuwa wameshafika, lakini hakuna aliyekuwa amegusa jembe. Walikuwa wamejipanga kando ya ukuta, wameacha mikono ikining'inia. Sista Mkuu alikuwa mbele yao, nguo yake nyeupe imepigwa pasi, kidaftari na kalamu mkononi, na hakuwa anaandika.

Vilikuwa vimesimama. Usiku umande ulikuwa umeshuka, na kila kitunguu kilikuwa kimenyooka na tone lake moja kwenye ile ncha iliyokatwa, mstari baada ya mstari, mpaka ukutani. Jua la asubuhi lilikuwa linaingia kwa chini, na matone yale yote yalishika mwanga kwa pamoja.

"Nilisikia mliving'oa," alisema Sista Mkuu. Sauti yake haikuwa ya ofisini.

"Tuliving'oa," alisema Katibu.

"Vyote?"

"Vyote, Sista."

Sista Mkuu alitazama tena, muda mrefu. Akakifunga kidaftari chake. Akavua viatu, akavishika mkononi, asichafue njia iliyofagiliwa, akatembea mpaka mwisho wa tuta la kwanza na kurudi. "Na kule nyuma ya chumba cha dawa pana kipande kingine," alisema. "Kichukueni pia." Kisha akaingia ndani, viatu bado mkononi.

Hakuna aliyeshangilia. Tofali alikuwa amevua kofia, anaizungusha zungusha.

"Mbona mmenyamaza?" aliuliza bibi kutoka kwenye toroli. "Kumetokea nini? Semeni basi."

Katibu alifungua mdomo. Alitaka kumwambia juu ya mistari, na umande, na jinsi mwanga ulivyokaa, na kila neno alilolishika akaliona dogo. Akamshika mkono akamteremsha.

"Njoo mama," alisema.

Bibi aliiacha fimbo torolini. Alivua kandambili, akaweka unyayo kwenye mfereji ulio kati ya matuta mawili, akatulia, akaweka wa pili. Kisha akauachia mkono wa Katibu. Alikwenda peke yake, mikono ameining'iniza kando, viganja vimefunguliwa, ncha za vitunguu zikimpitia chini ya vidole huku na huku. Alikwenda mpaka ukutani, akageuka, akaingia mfereji wa pili bila kuuliza, na wa tatu. Umande ulimlowesha upindo wote wa gauni. Watu walishika pumzi, lakini hakukanyaga hata kimoja.